Mshindi wa Ngoma Achaguliwe na Miguu ya Watu

Mtumishi yeyote aliyepata kufanya kazi Bariadi, awe mwalimu, karani, bwana shamba au mganga wa zahanati, hana haja ya kuelezwa jinsi mazungumzo ya mji ule yanavyogeuka pamba inapokaribia kwisha mashambani. Miezi yote ya kilimo watu huzungumza mvua, mbegu, dawa ya wadudu na bei. Ikifika Juni, wakulima wakianza kushika fedha kidogo mkononi, mazungumzo hayo husogezwa kando. Katika hoteli za chai, katika minada ya ng'ombe, na pale wakulima wanaposubiri pamba yao ipimwe, husikii ila habari za Wagika na Wagalu: nani atacheza na nani, wapi, kwa siku ngapi, na kwa nini walioshindwa mwaka uliopita walishindwa.

Msimu mmoja nilikaa meza moja na wazee wawili katika hoteli ya chai mjini hapo. Mmoja alikuwa shabiki wa Wagalu tangu utotoni, na mwingine wa Wagika kama alivyokuwa baba yake. Walikuwa wakijadili shindano lililokwisha miezi kumi na moja nyuma. Yule wa Wagalu alishikilia kwamba kosa la watu wake lilikuwa kumtoa chatu kabla ya adhuhuri, watu wakiwa bado wachache, hata mnada ulipovunjika na umati ukafika uwanjani, nyoka alikuwa amekwisha kuonekana na hapakubaki kitu cha kuwashtua watu. Mwenzake akamjibu, "Ngosha, chatu hana kosa. Ninyi mlichagua upande wa miti mkitaka kivuli. Mlisahau kwamba jioni upepo hutoka kwetu kwenda kwenu. Watu wenu walikuwa wakisikia ngoma zetu, na ngoma zenu zilikuwa zikisikilizwa na mbuga."

Wakaendelea hivyo kwa zaidi ya saa nzima. Walijadili kiongozi wa waimbaji, ambaye Wasukuma humwita ningi, kama alifanya vema kuurudia wimbo mmoja mara nyingi vile, au kama angeubadilisha watu walipoanza kutazama pembeni. Walijadili ngozi za ngoma zilizolegea kwa umande, na nani alichelewa kuwasha moto wa kuzikaza. Walijadili ule wimbo wa kejeli ulioimbwa siku ya pili, ambao kwa maoni ya mmoja wao ulipaswa kuwekwa akiba hadi siku ya mwisho. Chai ilipoa. Hapo kijana mmoja aliyekuwa meza ya jirani, ambaye naamini alitaka kuwasaidia wazee wafikie mwisho, akasema, "Guku, mlishindwa kwa dawa tu. Wenzenu walikuwa na dawa kali." Wale wazee wakanyamaza. Wakamtazama kama mtu aliyemwaga maji katika moto wa wenziwe, kisha mmoja akaita alipe chai yake.

Nimeyakumbuka mazungumzo yale mara nyingi, kwa sababu ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi watumishi na walimu ambao siku hizi ndio waandaaji wa matamasha ya ngoma, iwe shuleni, wilayani au mkoani. Nitalieleza, lakini kwanza niwaombe radhi Wasukuma, kwa kuwa inanibidi nimweleze msomaji wa Mtwara au Tanga mambo ambayo kwao hujulikana hata na mtoto.

Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa tangu zamani. Masimulizi ya Usukuma huvitoa kwa watu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa waganga na wachezaji mashuhuri, nao walishindana ili ijulikane nani mwenye dawa yenye nguvu zaidi ya kuwavuta watu. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, na wafuasi wa Gumha wakawa Wagalu. Vikundi vingi vya ngoma katika nchi ya Wasukuma, kuanzia Mwanza na Magu hadi Maswa na Bariadi, vilijipanga nyuma ya mmoja wao. Wapo wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya wakulima inayochezwa kwa majembe. Wapo wacheza na nyoka. Wapo waliotokana na vyama vya wawindaji wa nungunungu. Na kila kikundi kina mashabiki wake, ambao huurithi ushabiki kama vile mtu anavyorithi jina.

Namna ya kushindana ndiyo hasa ninayotaka msomaji aizingatie. Vikundi viwili huingia katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Kimoja hushika upande huu na kingine upande ule, na vyote hupiga na kuimba kwa pamoja. Watazamaji wako huru. Anayevutiwa na Wagika huenda kwa Wagika, akichoka huvuka uwanja kwenda kwa Wagalu, na anaweza kuvuka mara kumi kwa siku. Kikundi chenye umati mkubwa zaidi ndicho mshindi. Kazi hiyo huweza kuchukua siku kadhaa mfululizo. Hapana meza ya majaji, hapana karatasi ya alama, hapana mtu aliyevaa beji akipiga kengele kwamba muda umekwisha. Jaji ni mwananchi mwenyewe, na hukumu yake huitoa kwa miguu.

Kwa ajili hiyo vikundi vilibuni kila hila ya kumvuta mtu avuke. Wapo waliochonga sanamu za mbao za kuwashangaza watu, waliofuga nyoka wakubwa, waliofanya sarakasi, na waliorusha majembe juu na kuyadaka bila kupoteza mdundo. Lakini hila peke yake haikutosha, kwa maana mpinzani naye anayo ya kwake. Swali lilikuwa ni lini uitoe. Ukiitoa mapema umeitupa, na ukichelewa sana watu wameshakwenda zao. Ningi mzuri humtazama mwenzake ng'ambo ya uwanja kama mcheza bao anavyoutazama mkono wa mpinzani wake.

Hapa nina kisa cha mtumishi mwenzetu aliyeletwa Bariadi kutoka Dar es Salaam. Mtu huyu alikulia Upanga, akaucheza mchezo wa kriketi tangu shule, na alipofika kwetu aliteswa kidogo na upweke, kwa kuwa hakumpata mtu hata mmoja wa kuzungumza naye habari za mchezo wake. Jumamosi moja tulimchukua tukaenda naye kwenye mashindano ya ngoma nje ya mji. Alisimama asubuhi akiwa na uso wa mtu aliyekuja kwa adabu tu. Saa tisa alasiri nilimkuta amepanda juu ya trela, akipunga mikono na kubishana kwa Kiswahili cha Pwani na watu waliomjibu kwa Kisukuma. Jioni aliniambia kwamba ameona kriketi ya siku tano ikichezwa kwa ngoma.

Nilimwomba anieleze, na maelezo yake yalinifumbua macho. Katika kriketi ya siku tano, ile iitwayo Test, ambayo mechi yake ya kwanza ilichezwa Melbourne mwaka 1877, mrusha mpira hana kikomo cha mipira atakayorusha. Mipira sita huitwa ova moja, na nahodha anaweza kumpa mtu huyo ova nyingi kadiri atakavyo. Basi mrushaji hupanga njama ya muda mrefu. Atarusha mipira ya kasi inayomlazimisha mpigaji arudi nyuma, mmoja baada ya mwingine, hata mpigaji azoee kurudi. Ndipo siku moja, au saa moja, atamrushia wa polepole unaopinda, na mpigaji ataanguka kwa mazoea yake mwenyewe. Mpira ukiwa mpya na mgumu huwafaa wenye kasi. Ukichakaa, na ardhi ikianza kupasuka siku ya nne au ya tano, zamu huwa ya wale wanaouzungusha kwa vidole. Kwa hiyo mashabiki wa mchezo ule hubishana miaka nenda miaka rudi juu ya nahodha aliyemwingiza fulani mapema au aliyemsahau fulani hadi jua likazama. Mechi yenyewe inaweza kwisha siku ya tano bila mshindi, na mabishano yakawa makubwa zaidi.

Lakini, akasema mwenzetu, mchezo huo umefupishwa. Katika kriketi ya siku moja mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi ova 10. Katika ile fupi zaidi, ambayo kila upande hucheza ova 20 na mechi kwisha kwa muda wa saa tatu hivi, mrushaji hupewa ova nne tu. Hiyo fupi imejaza viwanja na kuleta fedha, na hata nchi yetu ndiyo inayoicheza, wala hakuilaumu. Alilolisema ni kwamba mtu mwenye ova nne hawezi kumtega mpigaji kwa siku mbili. Hurusha alichonacho, akashukuru, akatoka.

Akanipa mfano wa jirani zetu wa Kenya. Tarehe 15 Machi 2003, katika mashindano ya Kombe la Dunia, Kenya ilicheza na Australia mjini Durban. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mtu wa miaka 39 aliyekuwa amekwisha kustaafu mchezo na kurudishwa, aliingizwa kurusha wakati Australia wamekwisha kupiga hatua kubwa kuelekea ushindi. Kwa mipira yake ya polepole aliwatoa wapigaji watatu na kuruhusu mikimbio saba tu katika ova nane na mipira miwili. Australia walishinda mchezo, lakini mchezaji bora wa siku akawa Karim, aliyekuwa upande ulioshindwa. "Tangu siku ile," mwenzetu aliniambia, "sijakutana na Mkenya mpenda kriketi asiyeniuliza ingekuwaje kama angeingia mapema." Nikawakumbuka wale wazee na chatu wao.

Sasa nirudi kwetu. Ngoma ya Wasukuma nayo imefupishwa, na waliofanya hivyo ni sisi. Sina nia ya kumlaumu mtu mmoja. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge kwamba ameunda wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, naye akasikitika kwamba wengi wetu tulijifunza kucheza rumba na cha-cha, na wengi wetu hatukuwa tumepata hata kuzisikia ngoma za kwetu. Tangu hapo ngoma ilitolewa mbugani ikaletwa jukwaani. Kikundi cha Taifa kiliundwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa mwaka 1981, na bugobogobo ikajulikana kwa watu ambao hawajapata kuona shamba la pamba. Hayo yalikuwa mema, na Msukuma yeyote aliyeiona ngoma yake ikipigiwa makofi Dar es Salaam alijisikia mtu kamili.

Lakini jukwaa lina sheria zake. Mgeni rasmi ana ratiba. Baada ya ngoma kuna risala, na baada ya risala kuna hotuba. Kwa hiyo kikundi hupewa dakika tano, au kumi kikibahatika, na huambiwa kielekeze uso kwa meza kuu. Kisha, kwa kuwa tumezoea shule, tukaweka majaji watatu wenye karatasi: mavazi alama kadhaa, ujumbe alama kadhaa, ubunifu alama kadhaa, nidhamu jukwaani alama kadhaa. Kikundi cha Wagika hucheza, kinatoka. Cha Wagalu kinaingia. Hawachezi tena kwa pamoja. Mwananchi, ambaye zamani alikuwa hakimu, amewekwa nyuma ya kamba.

Nilihudhuria tamasha moja la namna hiyo, ambalo sitalitaja. Kikundi kimoja kilikuja na chatu, na mtunza muda akakizuia akisema nyoka hayumo katika fomu. Mimi niliyekuwa nimekaa upande wa viti nilicheka pamoja na wengine. Baadaye matokeo yalitangazwa kwa kipaza sauti: kikundi cha kwanza kimepata hivi, cha pili kimepata vile, tofauti ni alama moja na nusu. Watu waliokuwa nyuma ya kamba walitazamana. Hakuna aliyeweza kueleza ile alama moja na nusu imetoka wapi.

Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Njiani kurudi, nilisikiliza mashabiki wakizungumza, nikitarajia mabishano kama ya wale wazee wawili. Sikuyasikia. Wapo waliosema majaji wamehongwa. Wapo waliosema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba washindi walikuwa na dawa, na wakataja kijiji ambako dawa hiyo ilitafutwa. Hapakuwa na la kuzungumza zaidi. Mtu aliyeona umati ukivuka uwanja saa kumi jioni anajua kwa nini ulivuka, kwa sababu aliuona ukivuka, na pengine yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Lakini mtu aliyesikia alama moja na nusu ikitoka katika bahasha hakuona sababu yoyote kwa macho yake. Binadamu akinyimwa sababu inayoonekana hujitafutia isiyoonekana.

Msomaji ataniambia kwamba ninajipinga mwenyewe, kwa kuwa nimekwisha kukiri kwamba mashindano haya yalianza kama mashindano ya dawa. Ni kweli. Ile dawa ya mvuto, ambayo Wasukuma huiita samba, ilikuwapo tangu mwanzo, na sitadai kwamba imekwisha. Ila na tuangalie mchezo wenyewe uliwafanyia nini watu walioamini dawa. Uliwaleta uwanjani mchana kweupe, ukawataka waithibitishe dawa yao mbele ya halaiki, siku baada ya siku. Aliyetegemea dawa peke yake, akaacha kufanya mazoezi na kutunga nyimbo mpya, aliachwa anacheza na watoto wake. Baada ya miaka mingi ya kushindwa na kushinda namna hiyo, ndipo wakapatikana wazee wa aina ya wale wa hoteli ya chai, wanaozungumza upepo, kivuli, umande na saa ya mnada kuvunjika. Kwa maoni yangu hiyo ni elimu, ingawa haikutolewa cheti. Na walioipata ni watu walioamini dawa kuliko mimi na wewe.

Sisi tunaofanya kazi katika mikoa ya Usukuma tunajua kwamba hili si suala la burudani tu. Tumewazika vikongwe ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu na jirani aliyefiwa na mtoto. Jirani yule alitaka sababu, na aliyempa sababu alikuwa mpiga ramli. Sisemi kwamba ngoma ya siku tatu ingemwokoa yule bibi; nikisema hivyo nitakuwa ninafanya mzaha na msiba. Ninachosema ni kwamba tabia ya kuuliza kwa nini, na ya kubishana na mwenzio juu ya jambo mliloliona nyote wawili, haikuwa na mahali pengi pa kujengwa vijijini kwetu, na mojawapo ya mahali hapo tumelizungushia kamba.

Yapo maswali ya haki ambayo watumishi wenzangu huniuliza ninapoleta hoja hii. La kwanza ni muda: ati siku tatu za ngoma ni siku tatu za uvivu. Anayesema hivyo ameisahau kalenda ya mkulima. Mashindano haya yana msimu wake, kati ya Juni na Agosti, mavuno yakiwa yameingia na mvua ikiwa mbali. Na bugobogobo yenyewe ilitoka shambani, mahali ambapo vikundi vya wakulima vililima kwa mdundo. Sijui ngoma gani nyingine katika nchi hii inaweza kushtakiwa kwa uvivu kwa haki ndogo kuliko hiyo.

La pili ni fujo. Hilo nalikubali zaidi. Ushabiki wa kurithi una moto wake, na nyimbo za kejeli zikichanganyika na pombe huweza kuleta fimbo. Lakini mechi za Simba na Yanga nazo zina moto, na hatujaamua kwamba kila timu icheze peke yake mbele ya majaji watatu. Tumeweka waamuzi, polisi na milango. Ngoma ina wazee wa pande zote mbili, ambao neno lao lilisikilizwa kabla ya polisi kufika Bariadi.

Wapo pia wanaouliza mshindi atajulikanaje bila kuhesabu. Anayeuliza hivi mara nyingi hajapata kusimama katika uwanja ule. Jua likielekea kuzama, upande mmoja ni ukuta wa watu na upande wa pili ni ngoma na wake za wapiga ngoma. Pande zikilingana, basi zimelingana, na kesho ipo. Mwenzetu wa Upanga alifurahi sana kusikia kwamba na sisi tuna sare.

Gharama sitazisemea sana. Majaji hulipwa posho, hukodiwa hema na viti. Miguu ya watu hailipwi.

Mkoa wa Simiyu, tangu ulipoanzishwa mwaka 2012, umejifunza kuandaa mikusanyiko mikubwa. Uwanja wa Nyakabindi ulipokea maadhimisho ya kitaifa ya Nanenane kuanzia mwaka 2018 hadi 2020, na watu walitoka pande zote za nchi. Ardhi ya kutosha kuwaweka Wagika upande mmoja na Wagalu upande mwingine, pasipo mmoja kumkanyaga mwenziwe, ipo. Ninalopendekeza ni dogo. Maafisa utamaduni wa wilaya zetu waendelee na ngoma za dakika tano za kumpokea mgeni, kwa kuwa mgeni lazima apokewe. Ila katika msimu wa kiangazi watenge angalau shindano moja kwa mwaka ambalo halina meza kuu. Tarehe ipangwe na vikundi vyenyewe, siku zisipungue tatu, pande zote mbili zicheze kwa wakati mmoja, na kamba iondolewe. Mgeni rasmi akitaka kuja na aje, asimame jua kali kama sisi, avuke atakapovutwa.

Kwa walimu nina ombi jingine. Jumatatu baada ya shindano hilo, mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi wake insha moja: kwa nini walioshindwa walishindwa. Jibu la dawa likubaliwe tu kama mwanafunzi ameeleza pia saa ngapi umati ulivuka, ulivuka kutoka upande upi, na nini kilikuwa kikichezwa pande zote mbili wakati huo. Nimelijaribu hili na watoto wa nyumbani kwangu. Wa kwanza aliandika mistari miwili juu ya dawa. Wa pili, binti wa miaka 12, aliandika kurasa tatu juu ya mpiga ngoma mmoja aliyekwenda kunywa maji wakati mbaya, na alinichorea hata ramani ya uwanja yenye mishale ya upepo.

Niliichukua ramani ile nikaenda nayo hoteli ya chai. Mzee wa Wagika aliitazama, akasema mtoto amekosea, mpiga ngoma hakwenda kunywa maji bali aliitwa makusudi ili mdundo upungue na watu wadhani wamechoka. Mzee wa Wagalu akasema huo ni uongo mtupu, yeye alikuwapo, na yule mtu alikuwa na kiu. Nilipoondoka walikuwa wameigeuza karatasi na kuanza kuchora yao.